Anzia kwenye tumba, si kwenye jani

Mdogo wangu unayekuja huku Marekani kuanza utafiti wa magonjwa ya miti, wengi wetu tuliotoka nyumbani tunawajua minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Ukiambiwa utashughulika na nematodi, yaani minyoo wadogo wa aina hiyo, akili inakimbilia jembe na mfuko wa udongo. Kwa bichi (beech), mti wa misitu ya huku, na ugonjwa wake wa majani uitwao beech leaf disease, acha jembe. Mnyoo anayeuleta anaishi juu, ndani ya majani na matumba, yaani machipukizi ya majani ambayo hayajafunguka, na ukimtafuta mizizini utapoteza msimu mzima.

Historia ya ugonjwa huu ni fupi, kwa hiyo ijue vizuri. Mwaka 2012, katika Kaunti ya Lake jimboni Ohio, mwanabiolojia wa hifadhi za Lake Metroparks, John Pogacnik, aliona majani ya bichi yenye michirizi ya kiza. Miaka ikapita bila mtu kujua kisababishi. Mwaka 2017 David McCann wa Idara ya Kilimo ya Ohio akawaona minyoo kwenye sampuli za majani yaliyougua, na ndiyo maana leo mnyoo huyo anaitwa Litylenchus crenatae mccannii. Lakini kumkuta mnyoo kwenye jani linaloumwa hakumtii hatiani, maana huenda amefuata tu jani lililokwisha kudhoofika. Ilibidi watafiti wawaweke minyoo kwenye matumba ya miti yenye afya, wasubiri majani yachanue, waone kama michirizi itatokea. Ilitokea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020.

Angalia walipowaweka: kwenye matumba. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa wote. Kiangazi, yaani majira ya joto ya huku, kinapoelekea ukingoni na majani yanapokaribia kupukutika, minyoo hutoka kwenye majani na kuingia katika matumba mapya, yale membamba yaliyochongoka. Humo hukaa majira yote ya baridi wakiwa wamejibana katikati ya majani machanga yaliyokunjwa. Jani linapofunguka mwezi Mei, madhara yamekwisha kufanyika. Tumba lililovamiwa sana halifunguki kabisa, linakauka pale pale kwenye kitawi. Kwa hiyo unapotazama jani la Juni, unasoma habari za mwaka uliopita.

Ukishalishika hilo, mengine yanajipanga. Ukikata majani ya Juni vipande vidogo, ukayaloweka kwenye maji usiku kucha na asubuhi ukatazama kwa hadubini, unaweza kupata minyoo wachache mno hata kama michirizi imejaa. Rudi Septemba kwenye mti ule ule, nao watakuwa wamejaa kisahani, weupe karibu kama glasi, kila mmoja hafikii milimita moja, wakijinyonganyonga. Kwa hiyo usiandike kamwe idadi bila tarehe. Na usiandike kwamba mti ni mzima kwa sababu tu maji ya Juni hayakuwa na kitu. Chukua na matumba wakati wa baridi. Msituni wenye theluji bichi changa hazikupotei, kwa kuwa hung'ang'ania majani yake makavu wakati majirani zake wako uchi.

Kutambua ugonjwa kwa macho, simama chini ya matawi utazame juu, mwanga wa anga upite kwenye jani. Michirizi ya kweli iko kati ya mshipa na mshipa, na kingo zake zimekatika sawasawa kwenye mishipa. Utitiri na kuvu pia hutia mabaka, lakini mabaka yao hayafuati mpangilio huo. Ukitoka, safisha viatu na nguo, usibebe matawi kwenda msitu mwingine, na jikague kupe mwili mzima. Kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, usiwachukulie poa.

Dawa zipo kwa miti ya bustani. Mojawapo, fluopiramu, hupuliziwa majani kiangazi, kabla minyoo hawajahamia matumbani. Msitu mzima huwezi kuupulizia, na hilo linaniuma, kwa sababu dubu na ndege wengi hula karanga za mti huu, na miti midogo hufa ndani ya miaka michache. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya kutafuta miti inayobaki safi katikati ya iliyougua. Ukiukuta mmoja, chukua GPS yake, funga utepe, urudi mwaka unaofuata kabla hujaushangilia.

Na kwa sababu dawa ya Agosti huonyesha matokeo Mei, kaa na msimamizi wako wiki za mwanzo kabisa mkubaliane kuhusu ratiba. Jaribio lako linahitaji majira mawili ya kuchipua. Ukipangiwa moja, omba la pili mapema, kabla bajeti haijafungwa.