Walimu wapya wa shule ya msingi, msipange masomo ya muhula kila moja kivyake

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kufundisha watoto wadogo, hasa mliokabidhiwa darasa moja na karibu masomo yote. Muhula ukifunguliwa wengi wanakaa na muhtasari wa hisabati wanaandaa azimio la kazi, yani mpango wa mada za muhula mzima wiki kwa wiki, wakimaliza wanaingia sayansi, halafu lugha, halafu maarifa ya jamii, na haya maazimio hayakutani popote mpaka mitihani. Mkaguzi akija atafurahi. Ila mtoto ni yule yule mmoja, kile alichokosa kwenye kipindi cha asubuhi ndo kitamkwamisha mchana kwenye somo jingine kabisa, na wewe utadhani hajaelewa sayansi kumbe tatizo liko kwenye rula.

Kwaiyo kabla hujaandika andalio la kipindi hata moja, tandaza maazimio yote mezani uangalie lipi linategemea lipi. Utakuta sayansi wiki za mwanzo inataka wapime urefu wa mche, halafu sentimita kwenye hisabati zimewekwa mwishoni mwa muhula. Ongea na mwalimu wa taaluma, sogeza mada. Ukiacha hivyo kipindi kizima cha mche kitaishia kufundisha kwamba kupima kunaanzia kwenye 0 na sio kwenye 1, maana watoto wengi sana wanaanzia kwenye 1 kwa sababu ndo namba waliyozoea kuanza kuhesabia, wengine wanaanzia pale ukingoni mwa rula kabla hata ya alama ya 0.

Sasa kusoma. Hapa naomba mtulie kidogo. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, mtoto akishashika silabi anatiririka aya nzima bila kukwama na mwalimu mgeni anaweka tiki anasonga mbele. Usimwamini bado. Mwambie afunge kitabu akusimulie kilichotokea, muulize kwa nini fulani alifanya vile, wengi watakuangalia tu. Huyo anatamka, hajafika kwenye kusoma, na hilo litajitokeza kila somo. Mpe fumbo hili la hisabati: Asha ana vitabu 12, ni 5 zaidi ya vya Juma, Juma ana vingapi? Ataona neno "zaidi" anajumlisha fasta anakuletea 17. Kujumlisha anajua vizuri tu, sentensi ndo hajaisoma. Ukimpa mazoezi mengine ishirini ya kujumlisha humsaidii kitu, mwambie achore vitabu vya Asha na vya Juma, aseme kwa mdomo wake nani ana vingi, hapo mwenyewe ataiona 7.

Kwenye hisabati yenyewe kama kuna mada ya kukaa nayo muda mrefu hata ukichelewa kidogo ni thamani ya nafasi, yani mamoja, makumi na mamia. Karibu kila kitu cha miaka inayofuata kinakaa juu yake. Jaribu 403 kutoa 178. Kuna mtoto atakuandikia 375, na ukisahihisha kwa kalamu nyekundu tu utapoteza habari yote iliyomo kwenye hilo jibu, manake angalia alichofanya: kwenye kila safu katoa ndogo kutoka kubwa, 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Yuko na kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kabisa. Mpe vijiti, mafungu ya mia, ya kumi na mmoja mmoja, afungue fungu la mia lenyewe lipate makumi, halafu afungue kumi moja lipate mamoja. Atafika 225 na ataelewa kwa nini ile sifuri ya katikati inasumbua. Kukopa bila kushika vijiti kwanza kunageuka wimbo tu wa kukariri.

Alama ya sawasawa nayo iangalieni mapema. Andika 8 + 4 = ___ + 5, wengi wanaweka 12 kwa sababu wanajua ile alama inamaanisha "andika jibu hapa". Ni 7, pande mbili lazima zilingane.

Sayansi fanyeni kwa mikono. Mbegu za maharage mbili kwenye pamba yenye maji, moja dirishani nyingine ndani ya boksi lenye giza. Zote zitaota, kwa sababu ili iote mbegu ya maharage inahitaji maji, hewa na joto la kutosha, chakula cha kuanzia kimo ndani yake. Na ya gizani itarefuka kuliko ya dirishani! Darasa litapiga kelele kwamba giza ni zuri. Usikimbilie kuwasahihisha, waache waangalie rangi, ile imepauka na shina ni jembamba, waendelee kupima na kuandika kwenye jedwali mpaka akiba ya mbegu iishe na ule mche uanze kulegea. Hapo umepata kipimo, jedwali, insha fupi ya nilichokiona na sayansi, vyote kwa boksi moja.

Maarifa ya jamii anzeni na ramani ya darasa lenu. Mtoto mdogo akichora meza anaichora na miguu yote minne imetawanyika, kuangalia kitu kutoka juu ni ujuzi wa kufundishwa kabla ya dira na skeli.

Na tafadhali vipindi vya michezo, muziki na sanaa msivipore kufidia hisabati. Mtoto anayepiga makofi mapigo manne kisha anagawa kila pigo mara mbili anagusa nusu kwa mwili wake, na yule mzito wa kusoma anahitaji sehemu moja ya siku ambapo na yeye anaweza.

Mwisho wa muhula kuna ripoti. "Ajitahidi zaidi" haimsaidii mzazi wala mwalimu atakayempokea. Andika "anasoma kwa sauti vizuri ila bado hajibu maswali ya kwa nini", au "anatoa vizuri mpaka akikutana na sifuri katikati", halafu nakala ibaki kwenye faili la darasa.