Nikiwa bado mwanafunzi, nilipe ada ya chama cha maafisa uhusiano?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili, nasomea mawasiliano ya umma hapa Mombasa. Mhadhiri wetu anatuhimiza tujiunge na Chama cha Maafisa Uhusiano cha Kenya, PRSK, tungali masomoni. Pesa zangu ni za kuhesabu. Uanachama huo utanisaidia kweli kupata kazi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jiunge, lakini kwanza ujue unalipia nini.

PRSK kipo tangu 1971 na kina uanachama wa wanafunzi. Sheria haikulazimishi kuingia. Mwandishi wa habari huomba ithibati kwa Baraza la Vyombo vya Habari, lakini afisa uhusiano anaweza kuajiriwa bila kadi ya chama chochote. Nimeketi mara nyingi kwenye usaili wa wasaidizi wa mawasiliano, na sikumbuki neno "mwanachama" kwenye wasifu likimpa mtu kazi. Kilichompa kazi ni jibu la swali lililofuata: "Huko chamani ulifanya nini?"

Basi ukishalipa, omba kazi. Chama huwa na makongamano, mihadhara na vikao, na kila shughuli inataka watu wa kupokea wageni, kupiga picha, kuandika ripoti na kujibu maswali mitandaoni. Mimi nilianzia kwenye meza ya usajili, nikagawa beji asubuhi nzima. Mchana nikaombwa niandike ripoti fupi ya mhadhara. Mama mmoja wa makamo, mwanachama wa siku nyingi, aliichukua, akazungushia wino aya ya nne na kuniambia: "Habari yako iko hapa. Ipandishe juu." Nilikuwa nimeanza kwa kutaja wageni waheshimiwa wote, na hoja kuu ya mhadhara nikaizika chini. Darasani nilikuwa nimefundishwa jambo hilohilo, ila siku ile ndipo liliponiingia. Miezi michache baadaye nilipotafuta nafasi ya atachi, yaani mafunzo ya kazini, barua yangu ilimfikia yeye, mtu aliyekwisha kuona mwandiko wangu na namna ninavyopokea masahihisho.

Hapo ndipo penye faida. Barua za atachi huja kwa rundo, zote zimeandikwa "Kwa yeyote anayehusika", na anayezisoma hana namna ya kujua nani anamaliza kazi aliyopewa. Darasani unaandika taarifa kwa vyombo vya habari na mhadhiri anairudisha baada ya wiki mbili. Kwenye kamati ya shughuli za chama, mgeni rasmi anabadilika saa kumi na mbili jioni na taarifa sharti iwafikie wahariri usiku huohuo. Hifadhi kila ulichoandika: taarifa, picha, maelezo ya chini ya picha, ripoti. Ukienda kwenye usaili, nenda nazo.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hawaliulizi, nami naliona kubwa. Chama kina kanuni za maadili. Siku mkubwa wako atakapokutaka ugawe bahasha za pesa kwa waandishi, au utoe taarifa unayojua si ya kweli, utahitaji wakubwa wa fani unaoweza kuwapigia simu jioni hiyo kuuliza: nifanyeje? Afisa mpya asiye na watu wa namna hiyo hukubali kwa woga.

Usikimbilie uenyekiti wa tawi la chuo. Nimewaona waliomaliza na vyeo vitatu na hawana hata taarifa moja waliyoiandika.

Kabla ya kulipa, muulize katibu mambo mawili: mwaka huu ni shughuli zipi wanafunzi watapewa kazi, na je, zipo zinazofanyika Mombasa, au kila mara utatoa nauli ya Nairobi? Ukiambiwa ni Nairobi tu, ongeza nauli kwenye hesabu yako. Muhula huu ukikuzidi, anza na klabu ya mawasiliano ya chuo chako: andikeni taarifa ya shughuli yenu ijayo, muipeleke kwa redio za Mombasa, kisha mpige simu kuuliza kama wameipata.