Mwaka wa kuzaliwa wa mjomba, medali zake na picha yenye kifaru

SWALI: Mjomba wetu, mzee wa kanisa wa KKKT huku Machame, alitutoka miaka michache iliyopita akiwa mkongwe sana. Sasa tunajengea kaburi na kuandaa historia yake isomwe kwenye ibada ya kumbukumbu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, 1918, ila cheti cha kipaimara ni cha 1938. Alizoea kutusimulia habari za vita vya Burma (Myanmar ya leo), lakini sandukuni tumekuta medali mbili za nyota, Africa Star na 1939–1945 Star, pamoja na medali moja ya duara. Ipo pia picha ya ujanani, begani ana nembo ya kichwa cha kifaru, yule mnyama. Tumemtafuta kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, hayumo. Tuandike mwaka gani, na tuseme alipigana wapi?

JIBU: Poleni kwa msiba. Orodha hiyo isiwasumbue: ni ya waliofia vitani. Mjomba alirudi, akaoa, akazeeka, hivyo hakuna sababu jina lake liwemo.

Januari 1 ichukulieni kuwa makisio ya karani. Ndivyo walivyoandikiwa wazee wengi wasiojua siku yao. Nendeni usharikani mkaombe daftari la ubatizo, siyo cheti tu. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilifika Kilimanjaro 1893, na kurasa za zamani zimeandikwa Kijerumani, kwa mwandiko ambao hata Wajerumani wa leo unawatoa jasho. Pigeni picha mtafute wa kuwasomea. Angalieni kama wazazi wake walikuwa wamekwisha kubatizwa. Kama ndiyo, huenda alibatizwa mchanga, na tarehe hiyo iko karibu na ya kuzaliwa. Kama sivyo, alibatizwa akiwa mwanafunzi au kijana, na tarehe haiwaambii umri wake.

Kipaimara kwa kawaida kilikuwa cha watoto wa miaka 14 hadi 16, kwa hiyo 1938 ingetupeleka kwenye 1922 hadi 1924. Lakini hapo nyota ya Afrika inaleta ubishi. Kwa askari wetu ilitolewa hasa kwa vita vya Uhabeshi (Ethiopia) na Somalia, vilivyokwisha Novemba 1941. Kama nyota ni yake, basi mwaka huo alikuwa tayari yuko Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na wa 1924 angekuwa na miaka 17. Haishindikani, maana waandikishaji walipima kijana kwa macho, lakini mimi naegemea upande wa mwaka wa mapema kidogo, kama 1921. Kikosi cha 1/6 cha Keya, cha Tanganyika, kilikuwa Colito huko Uhabeshi Mei 1941. Kaanzieni hapo kuuliza.

Nimesema "kama nyota ni yake" kwa sababu medali za Uingereza za vita vile zilitolewa bila jina la askari. Tena msiamini utepe, kwani tepe hubadilishwa. Someni maandishi yaliyo kwenye mviringo wa katikati ya nyota.

Sasa Burma. Kukosekana kwa Burma Star, nyota ya waliotumikia huko, si ushahidi kwamba mzee aliwadanganya. Medali hupotea, huuzwa, na wengine hawakuzidai kabisa. Picha yenu ina uzito zaidi kuliko mnavyodhani. Kichwa cha kifaru ni nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, hivyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kufanya mazoezi, kisha katikati ya mwaka 1944 ikaingia Burma. Ilishuka bonde la Kabaw wakati wa msimu wa mvua wa huko, kwenye matope na malaria, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin Desemba mwaka huohuo. Vikosi vya 26 na 36 vya Keya, vyote vya Tanganyika, vilikuwemo. Kama mzee alisimulia mvua isiyokoma na mto mkubwa, simulizi yake inaoana na njia hiyo.

Nembo ya kifaru inathibitisha divisheni, haithibitishi kikosi. Tafuteni hati ya kuachishwa jeshi au barua yoyote yenye namba yake ya askari. Jina peke yake halitoshi: jeshini huenda aliandikwa kwa jina la baba, na makarani walitahajia walivyosikia. Mkipata kikosi, shajara zake za vita ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, kundi WO 172 kwa Burma na WO 169 kwa Afrika Mashariki. Askari wa kawaida ni nadra kutajwa humo kwa jina, lakini mtajua kikosi kilikuwa wapi siku gani.

Kwenye historia, ningeandika: "Alizaliwa takriban 1921. Alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili, akatumikia katika Divisheni ya 11. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika Burma." Uzee wake wa kanisa upeni tarehe kutoka kumbukumbu za vikao vya baraza la wazee, huko ndiko mtakakopata mengi kuliko jeshini. Kibao cha kaburi kisubiri daftari la ubatizo, maana marumaru haifutiki. Na medali msizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba.