Wasichana wanaanguka bwenini: mwanasaikolojia afanye nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika sekondari ya bweni ya wasichana hapa Tanzania. Tangu wiki iliyopita wanafunzi 11 wa kidato cha pili wanapiga mayowe na kuanguka, wengine mikono inakakamaa. Zahanati imepima malaria na sukari, hakuna kitu. Ofisini wapo wanaosema ni mapepo, wapo wanaosema wanaigiza ili warudishwe nyumbani. Mkuu wa shule anauliza: mwanasaikolojia akija, atafanya nini ambacho maombi na fimbo havijafanya?

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Mwambie mkuu kwanza kwamba mabinti hawa hawaigizi. Wanateseka kweli, na fimbo inawaongezea hofu ileile inayowaangusha.

Mikono kukakamaa kuna sababu yake. Binti aliyeshikwa na hofu anahema harakaharaka, anatoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, midomo inaingia ganzi na vidole vinajikunja kuelekea kiganjani. Akiviona hivyo anaogopa zaidi, anahema zaidi. Nimekaa sakafuni na mabinti wa namna hii mara nyingi. Namsogeza mbali na wenzake, namwomba matroni afunge mlango, tunahesabu pamoja kwa sauti ya chini: kuvuta nne, kutoa sita. Baada ya dakika chache vidole vinaanza kufunguka. Kitunguu puani hakihitajiki, wala mfuko wa kupumulia.

Jambo hili si geni kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa Machi 18, walikuwa wamepatwa 95 kati ya 159. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakuona kitu. Na mabinti waliporudishwa nyumbani, hali ile ikaingia vijijini. Kwa hiyo kufunga shule haraka si dawa, ingawa naelewa kwa nini wakuu wengi hukimbilia huko.

Tiba inaanzia kwa binti wa kwanza kuanguka. Wengine wamepokea hofu kutoka kwake, yeye ana kitu kinachomsumbua. Shule moja niliyoitwa, wa kwanza alikuwa amefiwa na mama yake wakati wa likizo, akarudi shuleni, akaingia kwenye mtihani, akachapwa kwa kufeli. Muda wote huo hakuna mtu mzima aliyemuuliza likizo ilikuwaje. Nilipomuuliza alilia karibu saa nzima, kilio cha kawaida kabisa, cha mtu aliyefiwa. Hakuanguka tena wiki ile.

Wengine nitawaona mmoja mmoja, nikiuliza wanalala saa ngapi, wanakula nini, wanamwogopa nani. Majibu yakifanana, mgonjwa ni ratiba ya shule au mtu fulani ndani ya shule, na hapo mkuu ndiye mwenye kazi. Anayeanguka peke yake, usingizini, au anayejing'ata ulimi na kujikojolea, huyo aende hospitali kuchunguzwa kifafa. Yeyote aliyenyanyaswa, taarifa iende ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Mzazi anayetaka kumwombea binti yake, amwombee faraghani. Maombi ya mstarini, mbele ya shule nzima, huangusha wengine kumi, nimeyashuhudia.

Na wewe, Mwalimu, kama umepewa pia nidhamu, omba uondolewe sasa hivi. Hakuna binti atakayemfungulia moyo mtu anayeshika fimbo.

Mkuu akikubali, naomba vitu vitatu: chumba chenye mlango unaofungwa, siku tatu bila jambo hili kutajwa mstarini, na ahadi kwamba hataniuliza binti gani alisema nini, isipokuwa uhai wa mtu uwe hatarini.