Kuitambua namba tasa kubwa bila kompyuta

Mdogo wangu wa Chumbageni, umeuliza utathibitishaje kwa kalamu tu kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa. Usianze kugawanya ovyo. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, basi huna haja ya kuvuka hapo. Utamu wenyewe ni huu: namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Kwa hiyo kila kigawo chake tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62 (yaani 31 mara mbili), na 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Tasa ya kwanza kujaribu ni 311! Zote za chini yake zimeshaanguka kwa masharti hayo mawili. Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alithibitisha mwaka 1772 kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Wewe fanyia mazoezi kipeo cha 11: chukua 2,047, tumia 22 badala ya 62, ujaribu 23.