Kwa wadogo zangu mnaokaribia kurudi kazini baada ya kujifungua

Jamani wadogo zangu mlioanza kazi juzi juzi na sasa mna ujauzito, au mko likizo na tarehe ya kurudi inawatisha, haya ni kwa wale wa hapa Bongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara wako, 100 kama ni mapacha, ila unatakiwa umpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua na cheti cha daktari juu, so usisubiri HR alione tumbo ndo akuulize, andika barua ubaki na kopi.

Ila kitu wengi hatuambiwi ofisini ni masaa ya kunyonyesha. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri akuruhusu hadi masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sasa mtu anakaa Mbagala kazi iko Posta, atoke saa sita akanyonyeshe halafu arudi na foleni ile? Haiwezekani, ndo maana nawaambia ongeeni na bosi mapema mkubaliane utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, na iwe kwenye maandishi maana bosi akihamishwa anayekuja hajui lolote. Wala usiombe kama hisani, ni haki ya mtoto.

Mchana kamua, maziwa yakijaa yanauma na yasipotolewa yanapungua. Tafuta chumba kinachofungwa, sio chooni, nawa mikono, kamulia kwenye chupa safi yenye mfuniko, weka kwenye friji au kideli chenye barafu maana joto la Dar mnalijua. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Dada wa kazi asiyachemshe jikoni, aichovye chupa kwenye bakuli la maji ya moto, ampe kwa kikombe, yanayobaki kikombeni yasirudi kwenye friji.

Na huyo dada aje kabla likizo haijaisha, aone unavyombembeleza mtoto, mtoto naye amzoee. Mlipe kwa wakati, mpe siku ya kupumzika, ukiwa umetulia kwenye kikao ni kwa sababu yake.

Baba naye sheria inampa siku 3 tu, chache kweli, lakini zamu za usiku zipo na kliniki ipo. Mwambie kabisa kliniki ya mwezi huu ni yako, ukisubiri ajiongeze utachoka bure.