Migongo ya vilima Pemba bila njia: mwenzenu mwenye khofu mumfanyeje?

Assalaam aleikum. Ndugu yangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Mko watano, mnatoka Mjini Unguja, mnataka kwenda Pemba mtembee kutwa moja juu ya migongo ya vilima baina ya Chake na Wete, tena bila kufuata njia ya watu. Wawili wana hamu kubwa, wawili wanafuata tu, na mmoja kasema wazi kwamba miteremko anaiogopa. Unauliza mumwache nyumbani au mumchukue mumpe moyo njiani. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana mwaka juzi nilikuwa upande wa wenye hamu, na nilikosea vibaya.

Kwanza, msiidharau Pemba. Mtu akisikia hakuna kilima kinachofika mita 100 juu ya bahari, anaona ni matembezi ya jioni. Urefu sio unaochosha. Kisiwa kile kimekatwakatwa: mgongo, bonde, mgongo, bonde, hivyo hivyo mpaka ufike kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Ukisimama juu, mgongo wa pili unauona kama uko hapo tu, unaweza ukamwita mtu akakuitika. Kumbe katikati pana mteremko mkali, konde la mpunga lenye tope la magotini, halafu mpando mwengine. Ukishafanya hivyo mara nne, miguu inatetemeka. Na ule udongo mwekundu ukiwa mkavu unashika vizuri, lakini mvua ya robo saa tu inatosha kuufanya kama sabuni. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, mimi simpeleki mtu huko nje ya njia hata anilipe.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa wanne. Mimi mzaliwa wa huko. Binamu yangu, mchumaji wa karafuu tangu yuko skuli, mtu ambaye juu ya mti yuko kama sisi tulivyo barazani. Ami yetu, ana miaka hamsini na kitu na goti moja linamsumbua. Na sahibu yangu wa Mjini, mcheza mpira, kila alfajiri anakimbia ufukweni. Usiku wa kuamkia safari nilikaa nikawapima kichwani mwangu, na nikawapima kwa nguvu. Nikajiambia wa kumwangalia ni ami kwa sababu ya goti, na sahibu yangu hana neno. Hapo ndipo nilipopotea, kabla hata hatujavaa viatu. Nguvu na khofu ni vitu viwili mbali mbali. Ami ana goti bovu lakini mteremko haumtishi. Sahibu yangu ana mapafu ya farasi, lakini akisimama mahali akaona chini panakimbia, mwili wake wote unakuwa mgumu. Kupanda hana taabu, kushuka ndiko kunakommaliza. Mimi nilikuwa namjua miaka kumi na hilo sikulijua, kwa sababu Mjini mtu atateremka nini?

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri na muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi. Mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Juu ya mgongo unatembea chini ya mikarafuu mikongwe, upepo wa bahari unakupiga usoni, kushoto unaona makonde ya mpunga na kulia maji ya hori yanametameta. Mikarafuu imepandwa kwa mistari, na madamu unaiona ile mistari, ujue uko shambani mwa mtu na kijia hakiko mbali. Watu wengi hawajui kwa nini Pemba imejaa mikarafuu hata kwenye miteremko ambayo mbuzi anafikiri mara mbili: tufani ya mwaka 1872 iliiangusha sana mikarafuu ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao. Mashamba mengine siku hizi hayapaliliwi. Ghafla mistari inapotea, unaingia kichakani, na hapo ndipo panapoanza huko mnakokutaka nyinyi.

Kichaka kile kina majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani, wakikuangukia shingoni unavua shati mbele za watu. Kina upupu pia. Ukikugusa usijikune wala usikimbilie maji, sisi hujipaka majivu au udongo mkavu tukaufikicha utoke. Hayo yanaudhi tu, mtu anayavumilia.

Tulipofika pahali mgongo umekatika, palikuwa na korongo. Mteremko wenyewe hauzidi urefu wa minazi miwili, lakini umesimama. Binamu alishuka akishika mizizi kama anayeshuka ngazi. Ami akakaa kitako akajiburura taratibu, hakuona haya, akafika salama. Sahibu yangu akasimama. Mimi nikamuuliza kwa sauti, wote wanasikia: “Vipi, uko sawa?” Akanijibu: “Niko sawa, twendeni.”

Sisi watu wa visiwani tunaijua muhali. Mtu anakula chakula asichokitaka kwa muhali, anakopesha pesa ambazo hana kwa muhali. Yule mwenzangu alikuwa mgeni wetu, kalala kwetu, kala kwetu, ami mtu mzima mwenye goti keshashuka, halafu mimi namuuliza mbele za watu kama anaogopa. Angejibu nini? Ile “niko sawa” haikuwa jawabu, ilikuwa adabu. Na mimi niliijua. Nilimwona mikono yake imekakamaa. Lakini na mimi nilikuwa na muhali wangu: mwenyeji niliyewatoa watu usingizini, nitawaambiaje turudi?

Akashuka. Katikati mguu ukateleza, akadaka tawi la mkarafuu. Kila mchumaji anajua kwamba tawi la mkarafuu halidakwi. Linaonekana zima na linavunjika kama kijiti kikavu, na ndiyo maana watu wanaanguka kila msimu. Likakatika. Akaporomoka mpaka kwenye kisiki. Ngozi ya mkono ilichunika tangu kiwiko mpaka kiganja, na kifundo cha mguu kikateguka. Hakuvunjika, alhamdulillah. Ile sauti ya tawi bado naisikia.

Na mambo hayakuishia pale. Tulipanga tuteremkie kwenye hori tupite ukingoni mwa mikoko maji yakiwa yamekupwa, tutokee kijijini. Siku ile ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu maji ya bamvua hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi jioni, na baina ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4 za maji. Kwa mwendo wa mtu anayechechemea tulifika saa nane. Mikoko ilikuwa imeshaingia maji na yanakuja kwa kasi. Mbele hapapitiki, nyuma ni lile korongo. Tukakaa juu ya jiwe, tumebakiwa na nusu chupa ya maji ya kunywa, na ami ndiye aliyesema tupige kelele. Tukapiga. Alitokea mzee mmoja aliyekuwa kondeni kwake, akatutazama, akamwinua mwenzetu kwa bega, akatutoa kwa kijia ambacho hakikuchukua hata nusu saa. Kijia kilikuwa nyuma ya kichaka tulichokipita asubuhi. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini hatukuuliza watu?

Usiku, mguu umeshakandwa, tulibaki wawili barazani. Akaniambia alianza kuogopa tangu jana yake, nilipokuwa nachora njia kwenye karatasi nikisema “hapa tunashuka kidogo”. Akasema: “Ungeniuliza jana, tukiwa wawili hivi, ningekwambia.” Hakuwa na hasira. Lau angekuwa na hasira ingekuwa nafuu kwangu.

Kwa hiyo jawabu la swali lako, kwa ninavyoona mimi: yule wenu aliyesema wazi anaogopa ndiye asiyekupa wasiwasi, na mshukuru Mungu kasema. Waangalie wale wawili “wanaofuata tu”. Hao ndio wenye muhali. Kabla ya safari mchukue mmoja mmoja pembeni, kila mtu peke yake, na usimuulize “unaogopa?”, kwani hapo hata peke yake atakataa. Muulize ni kitu gani hakitaki: mteremko, tope, nyoka, kiza, kuachwa nyuma? Kila mtu atataja kimoja. Hata binamu yangu, ambaye nilidhani haogopi chochote, nilipomuuliza hivyo alisema hataki tope la mabonde, ana jambo lake na ruba tangu utoto.

Halafu wekeni neno “turudi”. Mtu yeyote akilisema, mnarudi, na haulizwi sababu mpaka mmeshafika nyumbani. Lakini kuliweka tu hakutoshi, maana mwenye muhali hatakuwa wa kwanza kulisema. Mwaka jana tulikwenda tena, watu wale wale wanne, na sahibu yangu ndiye aliyeomba. Tulipofika kichaka cha mwanzo, pahali ambapo binamu angepita amefumba macho, binamu huyo huyo akasimama akasema: “Turudi hapa, tutafute pengine.” Hatukuwa tumepanga. Tukarudi hatua kama mia, tukapita kwengine. Saa moja baadaye sahibu yangu akalitumia neno lile lile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji. Tukageuka, na safari ikaendelea. Tulitembea kidogo kuliko tulivyopanga na ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kutembea kule.

Kumpa mtu moyo njiani, hapana. Najua unakusudia kheri, lakini “jikaze, karibu tunafika” ni mkono unaomsukuma mgongoni. Kumwacha nyumbani nako msimwamulie nyinyi. Mwambieni ziko safari mbili: moja ya juu bila njia, na moja ya kijia cha chini kinachopita vijijini, mkutane pahali mlipokubaliana kabla ya Adhuhuri. Mmoja wa wale wanaofuata tu aende naye, na huenda akashukuru kwa siri. Mgawanyiko huo ufanyike asubuhi. Mkishaingia kichakani hamgawanyiki tena kwa sababu yoyote.

Kwenye mteremko, mwenye khofu awe wa pili, nyuma ya anayejua, na mwenye nguvu awe wa mwisho. Mkifanya kinyume, wenye hamu watatangulia, wakisubiri watakuwa wamepumzika, naye akifika tu wanainuka, kwa hiyo kutwa nzima hapumziki hata mara moja. Binamu alitufundisha kushuka kama mtu anavyoshuka mti: uso uelekee kilima, mgongo uelekee bonde, mkono ushike shina kwa chini au mzizi, tawi abadan. Anayemsaidia asimame chini yake lakini ubavuni, asikae kwenye mstari wa kuangukiwa.

Mengine kwa ufupi. Pitieni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, mwambieni mko wangapi na mnatokea wapi. Wakati wa mchumo hilo ni lazima, maana watu wageni wanaozunguka ndani ya mikarafuu bila njia watadhaniwa wezi, na mwenye shamba hana makosa akidhani hivyo. Mkiambiwa pahali fulani hapapitwi, hata sababu msiulize, pitieni pengine. Ndara ziacheni, vaeni raba zenye meno na suruali ndefu kwa ajili ya upupu. Ramani ya simu itakuonesha mita mia tatu, haitakuonesha bonde. Na Alasiri iwakute mmeshatoka kichakani mko kwenye kijia, kwani kwetu jua likizama kiza hakina subira.

Mkishapanga siku, iandike hapa pamoja na tarehe ya mwezi. Ikiwa ni mwezi mwandamo au mwezi mpevu, au siku moja mbili baada yake, hori muiache kabisa, nitakuelekeza mshukie upande wa barabara.